Mbuzi Mwenye Jina, Vingunguti

Mbuzi anayezurura peke yake Vingunguti anahitaji kitu kimoja kabla ya maji na majani: ushahidi kwamba ana kwao. Hii ndiyo kata ya machinjio. Ng'ombe hufika kutoka mnada wa Pugu, mbuzi hushushwa kwenye malori ya mikoani, na kazi huanza watu wengi wangali wamelala. Mbuzi wa mwanao, aliyenyonyeshwa kwa chupa baada ya mama yake kufa, akikata kamba na kujiunga na kundi linaloswagwa barabarani, nani atamtenga? Mwenyewe hawezi kujieleza.

Mpe jina, ni haki yake. Lakini usilitegemee. Simama soko la mbuzi na majani mkononi, uite "Zawadi!", uone ni Zawadi wangapi watakaokuja.

Kinachofaa ni hereni. Tanzania ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo tangu mwaka 2010, kwa hiyo ukimfuata afisa mifugo kuulizia hereni ya mbuzi mmoja wa uani, huombi jambo la ajabu. Ongeza mkanda shingoni wenye namba mbili za simu, yako na ya ndugu anayekaa mtaa mwingine, maana siku ya mafuriko umeme hukatika na simu yako itazima mapema. Kisha mpige picha: ubavu wenye baka, pembe iliyopinda, na wewe ukiwa pembeni yake. Mjumbe aione picha hiyo sasa, mbuzi akiwa bado nyumbani. Akipotea, nenda na picha hiyo machinjio usiku huohuo. Kusubiri kupambazuke ni kuchelewa.

Kuku wana utaratibu wao wa siku nyingi, kitambaa cha rangi mguuni. Ni utaratibu mzuri mpaka nyumba tatu zote zichague nyekundu. Kaeni kikao mgawane rangi; ugomvi wa kuku umevunja ujirani mwingi.

Kwa mbwa, kuna chipu ndogo kama punje ya mchele inayowekwa chini ya ngozi, ikiwa na namba ya tarakimu 15. Ni kitu kizuri, ila haisomeki bila kifaa chake. Kijana wa bodaboda atakayemkuta mbwa wako Buguruni hana kifaa hicho, ana simu. Mvishe mbwa mkanda wenye namba kwanza, chipu ifuate ukijaliwa. Pamoja na mkanda, awe na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa: ya kwanza akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kadi hiyo inamlinda hata mbwa mwenyewe, kwa sababu mbwa asiye na mkanda wala kadi akionekana anatangatanga, watu huokota mawe kabla ya kuuliza. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali bila kupitia kwa mtu yeyote. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mkanda wa paka uwe wa kufunguka ukivutwa kwa nguvu. Paka wetu hupita juu ya mabati, na mkanda mgumu ukinasa kwenye msumari utamnyonga.

Sasa maji. Mto Msimbazi tunaujua. Desemba 2011 mvua ilinyesha siku tatu, takribani watu 40 wakafa Dar es Salaam, na waliopoteza nyumba mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Kimbunga Katrina kilipopiga Marekani mwaka 2005, kuna watu waliogoma kuokolewa kwa sababu waliambiwa waache mbwa na paka wao. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria huko kwamba mipango ya kuhamisha watu ihusishe na wanyama wao. Nakubaliana nayo kabisa. Mama anayerudi majini kumfuata mbuzi si mjinga, anafuata anachokipenda. Tumwondolee sababu ya kurudi.

Basi mtafute mwenyeji kabla ya masika. Shangazi wa Ukonga aulizwe jua likiwaka kama atampokea beberu, asishtukizwe naye mlangoni saa nane za usiku. Tenga la kuku na kikapu cha paka chenye mfuniko vikae vinapofikika, na paka alishwe dagaa humo ndani mara kwa mara. Asiyekizoea kikapu atakuchana mikono wakati maji yako kizingitini. Kadi za chanjo ziingie kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kamba ya akiba na pumba ya siku mbili. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, wanyama wahame mchana huohuo.

Na ukilazimika kuondoka bila wao, kata kamba, fungua banda, acha mlango wazi. Mbuzi aliyefungwa hana pa kupanda maji yakija. Zimamoto ni 114. Ukipiga, taja watu kwanza, kisha sema wamebaki wanyama wangapi, na kama mbwa anang'ata, liseme hilo pia.