Jinsi ya Kuuziwa Ziwa Bugeshi

Tangazo lenyewe ni fupi: nyumba, Bugeshi, Gisenyi, ziwa, utulivu. Kwa mtu aliyechoshwa na foleni za Kigali, au aliyekaa Brussels hadi mifupa ikazoea baridi ya watu, hayo yanatosha kabisa. Jioni hiyohiyo anapiga hesabu ya akiba, na kabla hajalala ameshapanga kiti cha kuegemea kitakaa wapi barazani. Simzuii. Namwandikia mwongozo huu ili auziwe mbuzi kwenye gunia kwa utaratibu unaostahili.

Cha kwanza, usifungue ramani. Ramani itakuonyesha kwamba wilaya ya Rubavu ina watu wa chini na watu wa juu. Chini ni Gisenyi na Nyamyumba, wanaonawa miguu ziwani. Juu kaskazini, imeegemea mpaka wa Kongo, ndiko iliko Bugeshi, miguuni mwa Karisimbi, mlima wa mita 4,507. Maji ya Kivu yako kwenye mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na kutoka hapo hadi Bugeshi ni kupanda tu, masikio yakiziba njiani. Iko kando ya ziwa kama Kisarawe ilivyo kando ya bahari.

Pili, usimtazame dalali kavaa nini. Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu kwenda kuona nyumba huko. Sisi tulivaa mashati ya mikono mifupi, maana tulikuwa tunakwenda ziwani. Dalali alitupokea na jaketi nene lililofungwa zipu hadi kidevuni, na kofia ya sufu. Tungekuwa na akili tungegeuza gari palepale.

Nyumba ilikuwa nzuri, sikatai. Imejengwa kwa mawe meusi ya volkano, yale wenyeji wanayoita amakoro, na imeezekwa vizuri. Binamu yangu akauliza ziwa liko wapi. Dalali hakusita. Akachukua dumu la lita 20, akalipindua, akalipapasa kama anayemkaribisha mgeni kitini.

"Panda hapa, bosi. Tazama kati ya ile mikaratusi miwili."

Binamu akapanda. Kweli, mbali kule chini kulikuwa na kitu kinachometameta, cheupe, chembamba kama ukanda.

"Si ndiyo Kivu hiyo?" dalali akasema.

Uani kwa jirani palikuwa na bibi mmoja amekaa akichambua viazi, vya mbegu huku, vya kuuza kule. Hakuinua hata kichwa. "Hayo ni mabati ya Goma," akasema.

"Bibi, huenda macho yako—"

"Macho yangu yameyaona tangu yanaezekwa."

Ndiyo maana nasema, tatu: ukienda kuona nyumba, usisalimiane na majirani. Jirani hana komisheni, kwa hiyo hana sababu ya kukuficha kitu. Atakwambia maji ya bomba yanatoka siku zipi, atakwambia muuzaji anauza kwa nini, na usipoangalia atakwambia na bei aliyonunulia.

Chagua pia msimu wako. Nenda Julai, saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka na vumbi halijaamka, na saa sita uwe umeshaondoka. Usithubutu kwenda Aprili. Aprili ukungu unashuka kutoka mlimani unakaa sebuleni kama mkwe, na mvua inanyesha mpaka unajiuliza maji yote hayo yanakwenda wapi. Swali zuri hilo, usimuulize dalali. Ardhi ya volkano inameza. Mvua ikizidi inateremka kwa makorongo kwa hasira, ikikatika hakuna kijito cha kuchotea. Ukiona karibu kila nyumba ina tangi chini ya mfereji wa bati, sema moyoni ni pambo la huko.

Sasa utulivu. Huu ndio unaolipiwa fedha nyingi, nami nitakaa hapo kidogo.

Mtu wa mjini akisema utulivu anamaanisha mahali ambapo hakuna mtu anayemhusu. Bugeshi hakuna mahali pa namna hiyo. Pale ni shamba kutoka mwanzo hadi mwisho: viazi, maharage, pareto. Alfajiri mapema jogoo, halafu ng'ombe, halafu baiskeli zilizobeba magunia ya viazi zikishuka kuelekea sokoni, mwenye baiskeli akipiga kelele badala ya kengele kwa sababu mikono yote miwili imeshika mzigo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja, na wewe mgeni ndiye utakayetazamwa jembe lako lina makali ya kutumika au ya dukani. Baada ya kazi kuna mkutano. Jumanne kuna mkutano mwingine wa wananchi. Kuna mchango wa irondo, walinzi wa usiku. Na juu ya yote kuna Mudugudu, neno ambalo ni jina la kijiji na pia jina wanalomwita kiongozi wake, naye atakuja kukuandika daftarini kabla hujamaliza kushusha vyombo. Ndani ya wiki mbili utakuwa na majirani 40 wanaojua umekula nini. Mimi naona ni jambo jema, na nyumba ya mjane haivunjwi mlango usiku pale kwa sababu hiyohiyo. Ila tangazo halikusema "nyumba yenye mashahidi".

Kuhusu mwanga mwekundu wa usiku, dalali atakwambia ni machweo. Machweo ya saa tano usiku. Wekundu ule unaopaka mawingu upande wa Kongo ni Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 wenye tabia ya kuweka ziwa la moto kileleni. Ukitaka ziwa, basi hilo ndilo la karibu. Ulifumuka Januari 1977, ukafumuka Januari 17, 2002, uji wa moto ukakata Goma katikati na mamia ya maelfu wakakimbilia Gisenyi, ukafumuka tena Mei 22, 2021. Safari hiyo moto haukuvuka mpaka, lakini matetemeko yaliyofuata yalivuka bila pasipoti yakapasua nyumba Rubavu. Kwa hiyo ukiona nyumba ina ukuta mmoja tu uliopakwa rangi mpya, sifia rangi. Usigonge ukuta.

Kuna jambo moja ambalo dalali halitaji na mimi sina mzaha nalo: Januari 2025, vita vilipofika Goma, mabomu yalianguka Rubavu na watu wakafa. Anayenunua nyumba mpakani ananunua na mpaka.

Karatasi je? Hapa mjinga kamili huonekana kwa kutoomba UPI, ile namba ya kiwanja. Kila kipande cha ardhi Rwanda kinayo, na kwa Mkoa wa Magharibi huanza na 3. Kwa namba hiyo tu utajua mwenye kiwanja ni nani, kama kimewekwa rehani benki, na kimepangiwa nini: makazi au kilimo. Wengi wameuziwa "kiwanja cha nyumba" ambacho kwa serikali ni shamba la viazi na kitabaki shamba la viazi. Halafu kuna suala la mke. Ardhi ya wanandoa haiuzwi na mmoja, mwenzake lazima aridhie. Muuzaji akija peke yake akisema mama yuko safarini, mshukuru kwa kutokukupotezea muda, mpe fedha taslimu, na uanze kuzoea sura ya huyo mama, maana mtaonana mbele ya wapatanishi wa mtaa. Kama wewe ni raia wa nje, yote haya utayapata kwa mkataba wa kukodi, hadi miaka 99. Kwa umri wako inatosha.

Kuna msomaji mkaidi atakayesema basi, nashuka Gisenyi kwenyewe, ninunue ziwa la kweli. Haya. Utakuta ufuo wenyewe si wa kuuzwa, sheria inataka mita 50 kutoka majini zibaki bila nyumba yako. Utakuta maji mazuri yasiyo na mamba, yenye kina cha mita 480 na ushee, na huko chini kabisa yamefunga takriban kilomita za ujazo 60 za methani na mara tano yake za kabonidayoksaidi. Karongi wanaivuta methani hiyo kutengeneza umeme, megawati 26, na nashukuru kila ndoo wanayoitoa. Ile kabonidayoksaidi, ikifuka kutoka ardhini na kujikusanya mabondeni, watu wa Goma na Gisenyi wanaiita mazuku, nayo huua mbuzi kwanza kwa sababu pua ya mbuzi iko chini. Utakuta mto Sebeya, ambao usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 uliingia majumbani mwa watu wakiwa wamelala. Na utulivu? Usiku wavuvi wa sambaza hutoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikining'inia, na hupiga kasia kwa kuimba. Wanaimba vizuri sana. Wanaimba mpaka ziwa zima linajua umelala saa ngapi.

Binamu yangu hakununua ile nyumba. Alishuka kwenye dumu, akazunguka ukuta mara mbili, halafu akaenda kukaa na yule bibi kwenye kibao cha pili, wakawa wanachambua viazi pamoja na kuulizana habari za mvua. Nilimsubiri kwenye gari karibu saa nzima. Alirudi na mikono imejaa udongo mweusi, nyuma yake vijana wawili wamebeba gunia moja moja. Bei nzuri, alisema, huwezi kuipata Kigali.

Dalali alitusindikiza hadi barabarani, akainama dirishani, akaangalia yale magunia kwenye buti, kisha akanyoosha kiganja. Si ni yeye, aliuliza, aliyetuleta kwa yule bibi?