Yah: Pongezi kwa Kutunza Siri za Halmashauri Hadharani

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Mikutano na Sherehe za Umma,
Halmashauri yetu.

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Itifaki imezingatiwa.

Sisi tunaosimama nyuma, kwenye kivuli cha miembe, tumeona tusinyamaze baada ya mkutano wa bajeti. Mlitakiwa kuwasomea wananchi mapato na matumizi, nanyi mkayasoma, tena kwa vyombo vizito. Tulichoambulia ni hiki: "Ujenzi wa zahanati, milioni mia wuuuu, ambapo hadi sasa wuuuu, na mengineyo." Mkaguzi akija hana pa kuwashika. Wengine huficha makaratasi kabatini na mwisho wake hukamatwa. Ninyi mmegundua kwamba siri hukaa salama zaidi ikitangazwa kwa wati elfu nane.

Tunajua mafanikio haya hayakuja hivi hivi. Kamati ilitafuta ushauri. Mwenye duka la vyombo aliwashauri mnunue vyombo. DJ wa harusi akataka besi iongezwe, na kweli, tangu hapo hotuba ya Afisa Mipango inatingisha vifua japo haiingii masikioni. MC alishauri sauti ipandishwe. Dereva wa mheshimiwa, ambaye hakuulizwa, alisema yeye akiwa garini anasikia vizuri, na maoni yake yakaingia kwenye muhtasari. Muuza karanga, anayezunguka uwanja mzima kuanzia meza kuu hadi vyooni na anayejua ni hatua ya ngapi neno linakufa, hakuitwa. Hana TIN.

Kuhusu wati, naomba nisifu kidogo. Mwaka jana zilikuwa elfu nne, mwaka huu elfu nane, na fungu la dizeli ya jenereta likanenepa sambamba. Ukizidisha wati mara mbili unamwongezea msikilizaji desibeli 3, badiliko ambalo asiyedokezwa anaweza asilitambue. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, wati zinatakiwa ziongezeke takriban mara kumi. Basi mkizidisha mara mbili kila mwaka wa fedha, baada ya bajeti tatu na ushei mtakuwa mmefika, na sisi wa miembeni tutakosa kuelewa kwa kishindo kikubwa zaidi.

Uwanjani kila umbali unapozidi maradufu, sauti ya spika hupungua kama desibeli 6. Aliyeketi mita 4 kutoka kwenye spika na aliyesimama mita 64 wanapishana desibeli 24. Ndiyo maana watoto wa ngonjera, mliowaketisha miguuni pa spika, walisoma beti zao wameziba masikio, huku bibi zao huku nyuma wakiulizana kama wameshaanza. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba kwenye kumbi na matukio ya muziki wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Bahati nzuri pendekezo hilo linahusu mambo ya starehe, na taarifa yenu ya robo mwaka haijawahi kutuhumiwa kuwa starehe.

Dawa ya umbali ipo, nanyi mliijaribu: mlisimamisha spika mbili ndogo kwenye nguzo katikati ya uwanja, zikaelekezwa kwetu. Wazo zuri kabisa. Hesabu moja tu ilisahaulika. Umeme hupita kwenye waya papo hapo, ilhali sauti ya hewani, kwa joto letu, hukimbia takriban mita 350 kwa sekunde. Spika iliyo mita 70 mbele ya zile za jukwaani lazima icheleweshwe sekunde 0.2, kazi ambayo miksa nyingi za kidijitali huifanya kwa kuandikiwa namba. Isipocheleweshwa, kila neno linafika mara mbili. Tulisikia: "Mkandarasi amelipwa, mkandarasi amelipwa." Wapo wazee wanaosisitiza kwamba siku hiyo mitambo ilisema kweli.

Sasa hiyo wuuuu. Spika zenu zimepangwa nyuma ya msemaji, zikimtazama kisogoni. Maiki inasikia spika, spika inarudisha ilichosikia, maiki inakisikia tena, na kwa kila mzunguko sauti inakua mpaka inapiga mayowe. Hapo mheshimiwa hushtuka, akarudi nyuma, fundi akiona sauti imefifia anapandisha, mayowe yanarudi. Kisha anatokea mtu wa itifaki, anaifumbata maiki kichwani kwa kiganja ili inyamaze. Maiki nyingi za jukwaani zina matundu yanayozisaidia kupuuza sauti za nyuma. Ukiyaziba, maiki inaanza kusikia kila upande, spika zikiwemo. Dawa ni spika kukaa mbele ya msemaji na mdomo kusogea karibu. Kupunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki kunaongeza desibeli 6, yaani zaidi ya mlichopata kwa kununua wati zote zile. Lakini naelewa ugumu wenu: kusogea sentimita kumi hakuna asilimia kumi.

Msinielewe vibaya kwamba nawaharakisha. Rais Woodrow Wilson wa Marekani alihutubia umati uwanjani San Diego kwa vipaza sauti mnamo Septemba 1919. Teknolojia ina miaka 100 na kidogo tu, ngojeni ikomae.

Ukumbi mpya wenye vigae, vioo na bati tupu nisiuguse sana. Huko neno la katibu bado linazunguka darini wakati yeye ameshakaa, na kamati imejibu kwa kuongeza spika, yaani mwangwi upate wenzake. Mapazia mazito na dari laini vingesaidia, ila vitaonekana ni mapambo, na fungu la mapambo liliisha kwenye maua ya meza kuu.

Ombi langu ni dogo. Kwenye tenda ijayo futeni idadi ya wati. Andikeni kwamba siku ya majaribio mtu atasimama jukwaani asome majina hamsini ya vijiji, ovyo ovyo bila mpangilio, na muuza karanga aketi miembeni na karani wake wayaandike. Mzabuni alipwe kwa majina yaliyofika. Posho ya muuza karanga itoke kwenye dizeli.

Majibu ya barua hii nitayapokea kwa maandishi, kupitia ofisi ya mtaa. Tafadhali msinitangazie mkutanoni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Mstari wa Nyuma