Kumi Hadi Moja: Jina la Mazrui Lilivyopoteza Ngome Likapata Dunia

Kuna majina ya ukoo yanayoishi kwenye kitambulisho tu, na kuna mengine ambayo yakitajwa inabidi msikilizaji avute kiti. Mazrui ni la aina hiyo ya pili. Litaje kwenye baraza yoyote ya Mji wa Kale, Mombasa: mmoja atakuhesabia maliwali, wa pili atakukumbusha ugomvi wa babu yake, na wa tatu ataagiza kahawa nyingine kwa sababu ameshajua hamtoki leo.

Mimi si wa ukoo huo. Nimeketi tu mtaa wa Kibokoni na ami mmoja ambaye ni wao, mzee wa kofia ya vito na ulimi wa wembe. Nimemwambia nitahesabu mambo kumi ya jina lake, nikianzia la kumi na kurudi nyuma.

"Kurudi nyuma," akasema, "ndio mwendo wetu tangu 1837. Haya, anza."

10. Lina tahajia nyingi kuliko wajukuu

Mombasa huandikwa Mazrui. Abu Dhabi na Dubai ni Al Mazrouei au Al Mazrooei, kutegemea karani aliyekuwa zamu siku hiyo. Kwenye vitabu vya wanahistoria utakuta Mazru'i, na ile alama ya katikati inakaa kama mwiba wa samaki uliokwama. Mwiba huo ni herufi ain ya Kiarabu, sauti itokayo kooni. Waswahili tuliipokea, tukaionja, tukairudisha kwa wenyewe, maana koo zetu tumeziweka kwa kahawa. Watu wa Ghuba wameing'ang'ania, ndiyo sababu wanahitaji irabu nne kuielezea. Kwa hiyo watu wawili wa jina moja wanaweza kusimama foleni moja ya uwanja wa ndege, na kompyuta isishtuke.

9. Si yule beki

Noussair Mazraoui, aliyejiunga na Manchester United mwaka 2024, ni Mmoroko aliyezaliwa Uholanzi. Jina lake si hili. Lakini ami anaulizwa kila wikendi kama ni jamaa yake, naye ana jibu moja la kudumu: "Wakishinda ni mpwa wangu. Wakifungwa ni Mmoroko."

8. Limebanwa mbele na nyuma

Wamazrui wa Mombasa asili yao ni Oman, upande wa Rustaq, mji wa ngome na mitende chini ya milima ya Hajar, ambako maji hutembezwa mashambani kwa mifereji ya zamani iitwayo aflaj. Wakiwa wengi, Kiarabu huwaita Mazari. Na jina halikuishia Oman: huko Abu Dhabi, Al Mazrouei ni miongoni mwa koo za Bani Yas, watu wa chemchemi za Liwa. Suhail Al Mazrouei aliteuliwa waziri wa nishati wa Falme za Kiarabu mwaka 2013, na tangu hapo petroli ikipanda bei, majirani wa Kibokoni wanajua mlango wa kubisha.

Ile -i ya mwisho ndiyo nisba, ile ile ya Busaidi, Barwani, Nabhani na Shirazi. Kazi yake ni kusema "huyu ni wa kwa kina fulani". Mswahili hakuridhika. Akaongeza kiambishi chake mbele: Mmazrui, Wamazrui. Sasa jina lina Mwarabu nyuma na Mbantu mbele, na mwenyewe amebanwa katikati kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni.

7. Walikuja kama waajiriwa

Mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, Waomani wa utawala wa Yaarubi waliwatoa Wareno kwenye Ngome ya Yesu ya Mombasa. Wamazrui waliingia Mombasa kama maliwali, yaani watu wa kushika mji kwa niaba ya bwana aliyeko ng'ambo. Ikafika miaka ya 1740, kule Oman Yaarubi wakaanguka na Ahmad bin Said wa Albusaidi akashika uimamu. Liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman al-Mazrui, akapiga hesabu yake: ikiwa yule amejitwalia Oman, kwa nini mimi nisijitwalie Mombasa?

Imamu akajibu kwa kutuma wauaji. Muhammad akauawa ndani ya ngome, na ndugu yake Ali akatiwa kizuizini. Masimulizi yanasema Ali alitoroka, akakusanya watu, akarudi usiku, wakapanda zile kuta na kumuua aliyemuua ndugu yake. Kuanzia hapo mwajiriwa akawa mwenye duka. "Siku hizi mtu akiondoka kazini huchukua kalamu na stepla," ami akasema. "Sisi tulichukua mji."

6. Walishindwa na maji kupwa

Yapata mwaka 1812, jeshi la Mombasa na washirika wao wa Pate likashuka Shela kwenda kuitia Lamu adabu. Wakavuta vyombo pwani na kwenda kupigana. Waamu wakawasukuma nyuma, nao wakakimbilia majini, lakini maji hayakuwapo. Bahari ilikuwa imekupwa na majahazi yamelala ubavu mchangani. Waliuawa hapo hapo, wengi mno, na Shela mpaka leo inasimuliwa mifupa iliyokuwa ikifichuliwa na upepo kwenye machuguu ya mchanga.

Sasa fikiri: watu wa pwani, waliozaliwa pwani, wamesahau kuangalia maji! Nilitaka kucheka, lakini ami alinitazama kwa jicho la upande. "Usicheke. Weye wasahau mwavuli."

Hasara yenyewe ilikuja baadaye. Waamu, kwa kuogopa kisasi, waliomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Muscat, wa ukoo ule ule wa Albusaidi, na mlango wa pwani hii ukamfungukia.

5. Walituma zawadi ambayo hakuna aliyeitaka

Seyyid Said alipodai utiifu na ada yake, liwali Abdallah bin Ahmad, aliyeshika uongozi mwaka 1814, hakuandika insha. Inasimuliwa kwamba alimpelekea vazi la chuma la vita, baruti kidogo na risasi, na kibaba, kile cha kupimia nafaka. Vitatu vya mwanzo havihitaji mkalimani. Kibaba ndicho kinachonifurahisha, maana unaweza kukisoma utakavyo: njoo upime, au hiki ndicho kipimo chako, au chukua ukakinge sadaka.

Katika mji wenye mshairi kama Muyaka bin Haji, aliyewatetea Wamazrui kwa beti na kuwachoma wapinzani wao kwa mafumbo, hata vyombo vya jikoni vilijua kusema.

4. Walishona bendera ya watu wengine

Kufikia 1823 Seyyid Said alikuwa ameshawapokonya Pemba, ghala lao la chakula, na Mombasa ikaanza kuona njaa inapiga hodi. Wamazrui wakapata wazo. Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipotia nanga Februari 1824, aliikuta bendera ya Uingereza tayari inapepea juu ya ngome. Haikutoka London. Ilishonwa hapo hapo mjini.

Owen akakubali kuwapa ulinzi, kwa sharti wakomeshe biashara ya utumwa na Uingereza ipate nusu ya ushuru wa forodha. Akamwacha luteni kijana, John James Reitz, asimamie. Reitz alikufa kwa homa mwaka huo huo, na jina lake likabakia kwenye mkono wa bahari, Port Reitz. London ilipochungulia hesabu zake na urafiki wake na Seyyid Said, ikakataa mpango wote. Mwaka 1826 bendera ikashushwa. Somo kwa vizazi vyote: usishone sare kabla ya kuulizia kama harusi ipo.

3. Walifukuzwa, na hapo ndipo walipoanza kuenea

Mwaka 1837 ugomvi wa ndani ya mji, wa ndugu kwa ndugu na wa Thelatha Taifa, muungano wa mataifa matatu ya mji, dhidi ya maliwali, ulimfanyia Seyyid Said kazi ambayo mizinga yake ilishindwa kwa miaka. Akaingia. Wakuu wa Mazrui wakakamatwa kwa hila na kusafirishwa hadi Bandar Abbas, wasirudi. Waliobaki wakagawanyika: wengine Takaungu kaskazini, wengine Gazi kusini.

Huko wakawa wakulima wakubwa, hasa wa nafaka. Hapa mzaha nauweka chini kidogo. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, na ardhi ya Takaungu imeacha kesi hadi karne yetu. Serikali ya kikoloni iliitungia sheria yake ya amana mwaka 1914, Bunge likaifuta mwaka 1989, na mabishano hayakufutika nayo. Ami hakunikatiza kwenye hili. Alizungusha kikombe chake tu.

Mwaka 1895 liwali wa Takaungu akafa, Waingereza wakamkalisha wanayemtaka, na ukoo ukawaka. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, ambaye alikuwa ameshapigana na Zanzibar, makao ya warithi wa Seyyid Said, kwa miaka mingi, akaingia vitani naye. Wakaletwa hata askari kutoka Bara Hindi. Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka na watu wake, akajisalimisha kwa Wajerumani. Ndivyo jina lilivyoingia Tanganyika: bila pasipoti, na bunduki begani.

2. Walibadilisha upanga kwa kalamu, na kelele ikawa ile ile

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891, aliandika gazeti la Al-Islah mwaka 1932 akiwahimiza Waislamu wa pwani wasome na waamke, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliandika pia historia ya ukoo wake, jambo la busara, kwa sababu usipoiandika wewe ataiandika Mbusaidi.

Mwanawe Ali, aliyezaliwa Mombasa 1933, alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akafundisha Makerere hadi Uganda ya Idi Amin ilipomshinda, akahamia Michigan na mwisho Binghamton, jimbo la New York. Mwaka 1986 alitoa filamu ya sehemu tisa kwa BBC na PBS, The Africans: A Triple Heritage, akisema Afrika imeumbwa na urithi wa aina tatu: wa wenyeji, wa Uislamu na wa Magharibi. Lynne Cheney, mkuu wa mfuko wa serikali ya Marekani uliokuwa umechangia dola 600,000, aliiona kuwa ni matusi kwa Magharibi na akataka jina la mfuko liondolewe kwenye orodha ya wafadhili. Kwa ukoo uliowahi kumpelekea mfalme kibaba, hizo zilikuwa salamu za kawaida.

Alamin Mazrui naye, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliwekwa kizuizini Kenya mwaka 1982, na baadaye akawa profesa Marekani. Ami anajumlisha hivi: "Zamani tulifungwa kwa sababu ya ngome. Siku hizi twafungwa kwa sababu ya vitabu. Vitabu ni vyepesi kuhama navyo."

1. Maana yake ilijua mapema

Haya, tumefika. Mazrui inatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kupanda mbegu. Ndilo hilo hilo la ziraa, kilimo. Mazruu ni kilichopandwa. Msiharakishe kulihusisha na mazao yetu, hilo ni la Kibantu, wamefanana sura tu kama mimi na ami tukivaa kanzu.

Kilichopandwa! Na waliopanda kule Takaungu, kama tulivyoona, walikuwa watu wengine, ambao majina yao hayakuandikiwa vitabu. Lakini tazama mwendo wa jina lenyewe. Karibu miaka mia moja walipoishikilia ngome, halikwenda mbali na Mombasa na Pemba. Lilipong'olewa ndipo lilipoota: Takaungu, Gazi, Dar es Salaam, Kampala, Michigan, New York. Mkulima yeyote atakwambia mche ukiachwa kitaluni hausongi mbele. Sharti mtu aung'oe.

Nikadhani hapo nimemaliza vizuri. Ami akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kuelekea baharini.

Ali Mazrui alifariki New York Oktoba 2014, akaletwa Mombasa kama alivyotaka, akazikwa kwenye makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu. Ngome yenyewe siku hizi ni makumbusho. Ami akitaka kuingia alikotawala babu yake, anapanga foleni nyuma ya watalii na kukata tiketi kama mimi.

"Kule naingia kwa tiketi," akasema. "Pale makaburini naingia kwa jina."

Kisha akainuka, akakung'uta kanzu, na kuniachia kahawa zote sita nilipe. Ushuru wa Mombasa, alisema, haujafutwa.