Kibao cha Mtunya Kiko Wapi?

Msafiri anayefuata nyayo za Vita Kuu ya Kwanza hufika makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola mjini Dodoma, akakuta mawe yenye majina yamejipanga kama askari wa gwaride. Vizuri. Ila kilichofyeka Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka mji huu, si risasi, ni Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya Wajerumani, kisha Waingereza, kukomba nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Utaambiwa njaa haina uwanja wa mapambano wa kusimikia kibao. Basi kilindo kitupu cha nafaka ndani ya tembe kingetosha. Utaambiwa tena kwamba mvua nazo ziligoma. Kweli, lakini mvua haijawahi kuswaga ng'ombe wa mtu.