Gitaa la Milioni Moja na Lawama Zake

Gitaa la umeme la bei ya chini halina ugomvi: unajua ni bovu, unalinunua, linakuwa bovu, mnaheshimiana. La bei ya kutisha nalo halina ugomvi, maana hulinunui. Balaa liko kwa hili la katikati, la milioni moja na ushee, linalotaka uliamini.

Ingia dukani uone. Muuzaji analigonga kiwiliwili kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, halafu anafumba macho. "Sikiliza, mzee wangu. Mahogani hiyo!" Mimi nimekulia nyumba yenye kabati la mkangazi, mahogani ya huku kwetu, na halijawahi kupiga solo hata siku moja. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, inadaka mtikisiko wa nyuzi za chuma. Mbao zinachangia kiasi gani, wajuzi wagombane wenyewe. Ninachojua ni kwamba muuzaji huyo huyo ameshafungulia amplifaya mwangwi mpaka basi. Hapo hata mlango wa bafu ungetoa solo.

Nikiuliza bei, ananong'ona: "Hili ni lile lile la Marekani, tofauti jina tu." Kama tofauti ni jina tu, mbona la Marekani linauzwa mara tatu ya bei hii? Na hili jina la hapa kichwani nalilipia la nini? Majina yenyewe yana undugu: chapa ya Squier ni mali ya Fender ya Marekani, Epiphone ni mali ya Gibson, na kiwanda cha Cor-Tek kule Indonesia kinatengeneza magitaa ya majina mbalimbali yanayokuja kushindana kwenye ukuta mmoja wa duka.

Mjomba wangu, aliyepigia bendi za dansi, ukimwamkia tu anakujibu kwamba magitaa yaliisha miaka ya sabini. Enzi hizo vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpigaji akihama, gitaa linabaki kwa tajiri. Ndiyo maana mjomba anayasifu sana. Hajawahi kuyalipia.

Ukweli ni kwamba magitaa ya siku hizi ya bei ya kati yanakuja na mbao zilizokatwa vizuri na rangi inayong'aa, kwa sababu mashine haichoki wala haidai posho. Kinachobaniwa ni saa za binadamu. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, polepole, kutoka kichwani kwenda kwenye kiwiliwili. Zile ncha za vyuma vya shingoni (freti) zikikukwaruza, ujue mtu wa msasa hakupewa muda. Sasa kaza uzi wa tatu taratibu: ukisikia "tik" kwenye nati, pale nyuzi zinapopita kuingia kichwani, kisha sauti ikaruka, mfereji wake umechongwa vibaya, na utakuwa unatyuni gitaa mpaka harusi iishe. Mwisho, piga uzi mtupu, kisha ubane kwenye chuma cha kumi na mbili. Inatakiwa isikike noti ile ile, juu oktava moja kamili. Ikipotoka, daraja halijasawazishwa. Hayo yote muuzaji hayagongi kwa kidole, maana hayana jina tamu kama mahogani.

Habari njema ni kwamba kasoro hizo zinarekebishika kwa mkono wa fundi, na fundi si mtu wa kudharau. Leo Fender mwenyewe, aliyelitoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, alikuwa fundi redio, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Lakini sisi tunampa muuzaji pesa yote kwa shangwe, halafu fundi akitaja elfu hamsini tunamwita mwizi.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na milioni moja yako, nunua gitaa la laki nane. Laki moja mpe fundi. Iliyobaki nunulia nyuzi, maana kwa hewa hii ya Dar, chumvi na jasho vitazila tu, ziwe za bei ya chini au za bei ya juu.