Jinsi ya Kwenda Sokoni kwa Pikipiki ya Mashindano

Umeiona, umeipenda, umeileta nyumbani Shirimatunda, Moshi. Tuseme ni KTM 500 EXC-F, mashine iliyozaliwa kushinda porini, nawe unataka ikupeleke kazini mjini na jioni ikupitishe soko la Mbuyuni kuchukua ndizi. Usiogope, inawezekana. Iache ionekane ya mashindano, huku chini kwa chini umeigeuza ya mjini. Sogea nikuonyeshe.

1. Ficha urefu wako. Siti iko sentimita 96 hivi kutoka ardhini, na wengi wetu hatugusi chini kwa nyayo zote mbili. Hakuna anayehitaji kujua. Tunaendesha kushoto, basi chagua mapema pa kusimama: sogea ukingoni, panda kingo kwa mguu wa kushoto, wa kulia ubaki kwenye breki. Utaonekana umesimama kwa maringo. Pasipo na kingo, sogeza kalio pembeni ya siti, tua mguu mmoja tu. Kutafuta ardhi kwa vidole vya miguu yote miwili mbele ya kijiwe cha bodaboda ni hatari; ikikulalia pale, utasimuliwa wiki nzima.

2. Iibie saa. Hapa kaa na mimi, maana ndipo pesa inapoishia. Boxer ya bodaboda huhesabu kilomita. Hii yako huhesabu saa. Kitabu chake kinataka oili ibadilishwe kila injini inapotimiza saa 15 za kunguruma. Kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa, hizo ni kilomita 450, yaani hata safari tatu za Arusha kwenda na kurudi hazitimii. Kuruka oili ni kujichimbia shimo. Injini hii hubeba oili kidogo na huzunguka kwa kasi kubwa. Ujanja ni kuzima. Unamsubiri mtu? Zima. Foleni ya sheli? Zima. Unasalimiana na jirani, na salamu za Kichaga unazijua hazina haraka? Zima kabla hujamwuliza habari za watoto. Kila dakika ya ukimya hukaa mfukoni mwako, na rejeta nayo hupumua, kwa sababu mashine hizi hutegemea upepo wa mwendo kupoza rejeta na huchemka haraka zikisimama. Kisha jifunze kumwaga oili mwenyewe. Haizidi lita moja na nusu, na majirani watakuita fundi.

3. Nunua chujio la hewa la pili. Vumbi la kiangazi halina huruma, na chujio lenyewe ni sponji iliyolowekwa mafuta. Moja liwe kazini, jingine limeoshwa, limekauka, limepakwa mafuta na kufungwa kwenye mfuko. Kubadilisha ni kazi ya dakika chache. Ukiliosha, likamue kwa kulibana. Ukilinyonga kama nguo litachanika.

4. Mwombe fundi aongeze jino moja kwenye sproketi ya mbele. Kwenye barabara ya Arusha injini itaacha kupiga kelele, na mlima wa Kibosho utaupanda vilevile. Jino hilo hukaa chini ya kifuniko. Nani atalihesabu?

5. Legeza shokapu. Zimekazwa kwa ajili ya mtu anayeruka hewani, na wewe unaruka matuta. Geuza skrubu zake kidogo kidogo, ukiandika ulikotoka ili uweze kurudi.

6. Tope ni nishani. Matairi ya meno makubwa huisha upesi kwenye lami na huteleza masika, kwa hiyo weka ya meno ya wastani. Halafu Jumamosi panda hadi Umbwe, kwenye udongo mwekundu, uipe mashine kile inachokipenda. Inastahili, na wewe pia. Ukirudi, osha rejeta vizuri maana tope likiganda pale injini itachemka. Tope la madigadi liache hadi Jumatatu.

7. Azima sifa. Kijana wa Boxer akitaka mshindane, mpungie mkono. Kati ya nyumba mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wana tochi. Mwambie tu kwamba KTM ilishinda mashindano ya Dakar upande wa pikipiki mara 18 mfululizo, kuanzia 2001 hadi 2019. Hizo zilizoshinda si hii yako, lakini ukoo ni mmoja, na ukoo una heshima yake.

8. Mama akiomba umpeleke hospitali ya KCMC, usimpandishe. Siti ni nyembamba kama ubao, na fremu ya nyuma haikuundwa kwa mizigo. Mwitie bodaboda anayemwamini, lipa nauli papo hapo, mpe Mama kofia yako ya akiba, kisha tangulia ukampokee getini. Na ukifika kabla yake, zima.