Sifa za Bwana Mbigili

Mnazi umesifiwa vya kutosha. Umetungiwa mashairi ya dafu lake, ya tembo lake, ya makuti yake, hata ya kivuli chake ambacho, tuseme kweli, hakimtoshi mtu mmoja aliyekaa vizuri. Karafuu imesifiwa, mbuyu umesifiwa, na mwembe haukosi mzee wa kuusifia katika kila kijiji. Mbigili unatambaa chini ya hiyo yote na sijauona ukipewa hata ubeti mmoja. Nimeona niufanyie mimi. Hatuna undugu. Haki yangu ya kuusifu inatokana na jambo moja: ulinitoboa tairi mara kumi kati ya Arusha na Iringa, na mtu aliyetobolewa mara kumi ana la kusema.

Asiyeufahamu ni yule ambaye hajawahi kupita pekupeku kwenye uwanja wa shule. Ni mmea unaolala chapa ardhini, wenye vijani vidogo vidogo vilivyopangana kama unyoya, na ua la manjano la petali tano, zuri kuliko tabia za mwenyewe. Tunda likikauka hugawanyika vipande vitano hivi, kila kimoja na miiba miwili mirefu na mingine mifupi, iliyopangwa kwa hesabu ambayo mhandisi angeiombea tuzo: kirushe juu upendavyo, kikitua, lazima mwiba mmoja utazame mbinguni. Warumi walifua vyuma vya namna hiyo wakavimwaga njiani vichome kwato za farasi wa adui. Chuma hicho kiliitwa tribulus. Mwaka 1753 mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, alipoupa mmea wetu jina la kisayansi, aliuita Tribulus terrestris. Kumbe tunamzungumzia afande. Kuanzia hapa nitamwita Bwana Mbigili.

Sifa yake ya kwanza ni subira. Linnaeus amekwisha kumwandikisha, silaha iko tayari, na dunia nzima haina tairi la upepo. Alichoma nyayo za wachunga mbuzi, alichoma midomo ya kondoo, lakini kazi aliyoumbiwa ilikuwa haijafika. Mwaka 1845 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, akasajili hataza ya gurudumu la upepo. Bwana Mbigili akainua kichwa. Watu wakalipuuza gurudumu lile, naye akalala tena. Ndipo akatokea John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, aliyetaka baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isimtikise mno mtoto. Akaivisha mpira uliojazwa upepo, na mwaka 1888 akausajili. Miaka 135 ya kungoja! Nasi tunagombana na kondakta kwa sababu basi linasubiri abiria wawili.

Wapo waliosafiri kabla ya hapo, nami nawahurumia. Thomas Stevens aliondoka San Francisco Aprili 1884 juu ya baiskeli yenye gurudumu kubwa la mbele, la mpira mgumu usio na upepo ndani, akafika Yokohama Desemba 1886, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli. Pancha hakuijua. Asiyetoboka hana sababu ya kuketi kando ya njia na mwenzake, na yote yaliyomjaa moyoni ilibidi ayaandike. Kikatoka kitabu cha juzuu mbili.

Hapa niuweke mzaha pembeni kidogo. Kabla hujamlaumu Bwana Mbigili kwa kutoboa mpira, uliza mpira wenyewe ulitoka wapi. Tairi la upepo liliposhamiri, mahitaji ya mpira yalipanda, na katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji watu walilazimishwa kuugema porini. Wasiotimiza kiasi walichopangiwa walipigwa, waliuawa, walikatwa mikono. Mbele ya hayo, mwiba wa mbigili ni adabu tupu. Basi, turudi barabarani.

Safari ilikuwa yangu, gari lilikuwa la rafiki yangu. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Yeye akawa dereva wa malori, mimi nikawa mwalimu, na sasa sote tumestaafu. Nilipomwambia nataka kwenda kwa baiskeli kutoka Arusha hadi Iringa kupitia Babati, Kondoa na Dodoma, kilomita kama 700, alinyamaza, kisha akauliza kama nyumbani kwangu wanajua. Halafu akasema atanisindikiza na pikapu yake, abebe maji, mchele, turubai na, ikibidi, maiti.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za raha, na za upweke kabisa. Gari haliwezi kwenda mwendo wa baiskeli. Yeye alikuwa akitangulia kilomita 20, anaegesha chini ya mti, anajifunika kofia usoni. Nikimfikia ananipa maji na ndizi, ananikagua kama mzigo uliofika salama, anawasha gari. Tulikuwa tumeahidiana mazungumzo ya miaka thelathini. Hadi tunaingia Babati, tulikuwa tumezungumzia ndizi.

Ndipo Bwana Mbigili akaingilia kati. Barabara ya Babati hadi Dodoma sasa ni lami, ilizinduliwa 2018, na mtu anaweza kudhani kwamba juu ya lami afande hana mamlaka. Hajui kwamba ana ubia na mabasi. Basi likija nyuma yako linapiga honi mara moja, na honi hiyo si ombi. Unashuka pembeni kwenye vumbi, basi linapita, vumbi linatua, na hapo pembeni ndipo yalipo makao makuu.

Nikapiga simu.

“Tumetoboka.”

“Nani na nani? Mimi niko salama.”

“Rudi, bwana.”

“La mbele au la nyuma?”

“La nyuma.”

Gurudumu la nyuma ndilo lenye cheni, kwa hiyo ndilo lenye usumbufu. Akaguna, akakata simu, akarudi.

Kuziba pancha ni kazi ya watu wawili waliokaa chini, na hilo nalo naliandika kwenye sifa zake. Mmoja analitoa tairi kwenye rimu kwa mipini ya vijiko, mwingine anamimina maji kwenye karai. Tyubu inajazwa upepo, inazamishwa kipande kwa kipande, na vichwa viwili vyenye mvi vinainamia karai kama vya waganga wanaosoma ramli. Mapovu yakitoka, unaweka alama kwa kalamu, unakwangua kwa msasa, unapaka solusheni. Kisha unangoja. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanabandika kiraka solusheni ikiwa mbichi, na baada ya kilomita mbili kinabanduka. Lazima ikauke, dakika tano au zaidi, na haina namna ya kuharakishwa. Rafiki yangu aliipuliza, akaipepea kwa kofia, akaisemesha kwa lugha ya madereva. Mwishowe akakaa. Na mtu aliyekaa dakika tano bila usukani mkononi huanza kusema.

Kwa hiyo niliyoyajua ya rafiki yangu niliyajua kiraka kwa kiraka. Pancha ya pili, karibu na Bereko: kwamba amejenga nyumba mbili na hapendi kulala katika yoyote. Ya tatu, kabla ya Kondoa: kwamba mkewe alipozidiwa yeye alikuwa Tunduma, kwenye foleni ya malori, siku ya nne bila kuvuka, na simu aliipokea akiwa anakula chapati, aliimaliza ile chapati, na mpaka leo hajui kwa nini. Solusheni ilikauka mpaka ikapitiliza. Tukapaka upya, tukangoja tena.

Ya nne sina la kuisimulia. Ilinyesha.

Ya tano ilitukuta tumeshaipita Kondoa, njia ya Chemba, jua la saa saba. Wahenga walisema mwiba hutokea pale ulipoingilia, na mafundi baiskeli wanaijua methali hiyo kwa vidole: ukiziba tyubu bila kupapasa tairi kwa ndani na kuutoa mwiba, umeziba bure, utatoboka pale pale. Rafiki yangu alikuwa akipapasa. Akaupata, akauchomoa kwa kucha, akauweka kiganjani na kuutazama kwa muda.

“Huyu ni ndugu wa yule,” akasema.

“Yupi?”

“Wa baiskeli ya baba.”

Nilikuwa nimeomba Mungu awe amesahau. Tulikuwa darasa la nne. Baba yake alikuwa na baiskeli nyeusi, aina ya Phoenix, iliyofutwa kwa kitambaa kila Ijumaa kabla ya mwenyewe kuoga. Niliiomba nizunguke uwanja mara moja, nikazunguka mara tatu, nikairudisha tairi la nyuma limelala. Nikaiegemeza ukutani polepole, nikaenda kwetu kula. Asubuhi aliulizwa yeye, na hakunitaja.

“Ulipigwa fimbo ngapi?” niliuliza, miaka hamsini imepita.

“Sita.” Akaigusa solusheni kwa ncha ya kidole. “Bado haijakauka.”

Nikamwomba radhi pale pale. Magoti yangu yalikuwa vumbini tayari, ingawa yaliwekwa pale kwa ajili ya kushikilia gurudumu. Akasema amesikia. Kisha akaniambia nikibane kiraka vizuri, nisimtie hasara mara ya pili.

Niambie sasa, ni jopo gani la wazee, ni baraza gani la usuluhishi ambalo lingeifikisha kesi ile pale? Bwana Mbigili aliifungua kwa mwiba mmoja, bila ada.

Naona nimejisahau, sifa zake nyingine zinasubiri. Hana upendeleo. Tangu 2003 kuna msafara wa waendesha baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town, uitwao Tour d'Afrique, kilomita 12,000 hivi, na unapita nchini kwetu. Wageni hao huja na baiskeli ambazo bei yake ingenunua ng'ombe kadhaa. Kando yao anapita muuza mkaa na magunia mawili kwenye kariya. Bwana Mbigili haulizi pasipoti wala haangalii fremu imeundwa na nini. Mimi mwenyewe nilinunua mjini tairi ambazo muuzaji aliapa hazitoboki, na naamini aliapa kwa moyo safi, maana yeye anaendesha pikipiki.

Tena ni mwajiri. Pale penye mti mkubwa na njia panda hukosi fundi na pampu yake ya kusimama, benchi moja, na wazee wawili ambao baiskeli zao hazina tatizo lolote. Hapo hapotei kitu: tyubu iliyokwisha kazi inakatwa viraka, inachanwa kamba za kufungia mizigo, na kinachobaki kinakuwa manati ya mtoto. Ondoa mbigili, benchi lile linakosa sababu ya kuwapo.

Siku hizi amepandishwa cheo zaidi, anauzwa ndani ya chupa kama dawa ya nguvu za kiume. Majaribio yaliyofanywa kwa watu hayajaonyesha kwamba anaongeza homoni ya kiume. Mimi nashuhudia nilichokiona: anapunguza upepo.

Wasiomthamini wamejaribu kumwondoa. Huko Marekani, alikofika bila kualikwa na kuwakera waendesha baiskeli wa California, walileta kutoka ng'ambo fukusi wa aina mbili, mmoja wa kula mbegu zake na mwingine wa kutoboa shina lake. Hiyo ilikuwa 1961, mwaka ambao Tanganyika ilijipatia uhuru. Sisi tulimwacha huru pia, na fukusi hawakummaliza: mpaka leo yupo California, anatoboa.

Mara ya kumi ilikuwa Migori, tumeshalivuka bwawa la Mtera, samaki wa kukaanga wakipoa juu ya gazeti. Kufikia hapo rafiki yangu alikuwa ameacha kutangulia. Alikuwa anakuja nyuma yangu polepole, taa za hatari zikiwaka, karai likiwa kwenye kiti cha mbele badala ya kwenye mizigo. Nilipotoboka hakusubiri simu. Mlima wa Nyang'oro niliupanda nikisukuma baiskeli, yeye kando yangu na kioo kimeshushwa, akinisimulia habari za kaka yake ambazo sitaziandika hapa.

Ya kumi na moja haikuwa yangu. Tulikuwa tunakaribia kuingia Iringa pikapu ilipolalia upande mmoja. Jeki ilikuwa imebaki nyumbani, ilipisha turubai. Nikaenda kwa baiskeli kumtafuta fundi, akaja na bodaboda, akainua gari, akachomoa kwenye tairi msumari wa inchi tatu. Tairi la gari siku hizi halipakwi kitu cha kungojewa. Fundi alisukumiza kamba ya mpira kwenye tundu, akakata ncha, akajaza upepo, akataja bei. Dakika nne, na hakuna aliyesema neno.

Msumari sioni cha kuusifia.